PEDI ISIYO NA WAYA: NI NGUVU GANI INAYOIENDESHA?



Umempita kijana kwenye kibanda cha gemu pale Ngara mjini, au Rulenge, au Kabanga mpakani, au Biharamulo, au Lusahunga mahali malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzika. Ameshika kidude chenye vitufe. Hakuna waya. Amekaa hatua tatu nne kutoka kwenye TV. Anabonyeza, na kule kwenye kioo mtu anapiga mpira. Ukajiuliza moyoni: hii ni nguvu gani?

Swali hilo si la kijinga. Wako wazazi waliokwisha kulijibu haraka haraka, wakasema ni nguvu za giza, wakaichukua pedi na kuitupa motoni. Hapo ndipo hatari ilipo, na nitaeleza huko mbele kwa nini moto na pedi ya namna hii havikai pamoja. Wako na vijana waliotia mtaji wao wote kwenye kibanda, wakanunua pedi nne zisizo na waya kwa sababu zinapendeza, na baada ya miezi michache hakuna hata moja inayofanya kazi. Wote hao wanahitaji somo hili. Basi fuatana nami taratibu.

KITU CHENYEWE NI NINI?

Pedi ni kile kidude cha kushika kwa mikono miwili ili kuendesha gemu. Mashine yenyewe ni PlayStation, Xbox au nyingine. Pedi za PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, na za PS2 iliyotoka mwaka 2000, zilikuja na waya. Kila mtu anakumbuka ule waya: mtoto anapita, anajikwaa, mashine inaanguka chini, gemu imekwisha na ugomvi umeanza.

Watu walitafuta namna ya kuukata waya huo tangu zamani. Mwaka 1983 kampuni ya Atari ilikuwa na vijiti vyake visivyo na waya, vinatumia redio, vikubwa, vina antena. Mwaka 1989 Nintendo wakatoa kifaa chao kilichotumia mwanga usioonekana, ule ule wa rimoti ya TV. Sasa wewe mwenye TV nyumbani unajua shida ya rimoti: mtu akisimama mbele, imekufa. Mwanga haupiti mwilini mwa mtu. Kwa gemu hiyo ni taabu tupu.

Mwaka 2002 Nintendo hao hao wakatoa pedi iliyoitwa WaveBird. Hii ilitumia mawimbi ya redio, betri mbili za kawaida, na ilifanya kazi vizuri kabisa, ila haikuwa na ule mtetemo mkononi. Mwaka 2005 ikaja Xbox 360, mwaka 2006 ikaja PS3, na tangu hapo pedi isiyo na waya ikawa ndiyo ya kawaida dukani. PS3 yenyewe inaweza kusikiliza pedi 7 kwa wakati mmoja.

NI REDIO, NDUGU YANGU

Narudia tena: ni redio. Ni jamii ile ile ya mawimbi yanayokuletea Radio Kwizera nyumbani kwako. Radio hiyo ilianzishwa hapa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, wakati kambi zimejaa, na hakuna mtu aliyeuliza sauti inapitia wapi hadi ifike Murusagamba. Tulizoea. Na ile maikrofoni ya mkononi anayotembea nayo mhubiri jukwaani bila waya, je? Nayo ni redio. Mbona hiyo hatukuikemea?

Tofauti iko kwenye urefu wa wimbi na kwenye nguvu. Redio ya FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi lake moja lina urefu wa mita 3 hivi. Pedi iko juu sana, karibu megahezi 2,400, na wimbi lake lina sentimita 12 na kitu, yaani kama upana wa kiganja na nusu. Mnara wa FM unasukuma nguvu nyingi ili ufike milimani. Pedi inasukuma nguvu ndogo mno, kiasi cha miliwati 2 au 3, ili ifike mita 10 tu.

Kuna mama atauliza: je, hayo mawimbi hayatamdhuru mwanangu? Linganisha na simu iliyo mfukoni mwako. Simu ya kawaida ya kupiga, ikiwa mbali na mnara, inaweza kufika wati 2. Hiyo ni mamia ya mara kuliko pedi. Kama simu unailaza chini ya mto, pedi isikutie hofu kwa habari ya mawimbi. Ya saa anazokaa pale ni habari nyingine, tutaigusa.

VYUMBA 79

Sasa hapa pana jambo la ajabu, sikiliza vizuri.

Pedi za PlayStation tangu PS3 zinatumia njia iitwayo bluetooth. Kazi ya njia hiyo ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Sweden, na anayetajwa zaidi ni mhandisi Mholanzi, Jaap Haartsen. (Mwaka 1994! Sisi huku tunaukumbuka kwa Rusumo na Benaco, watu kama 250,000 wakivuka mpaka kwa saa 24, mwezi Aprili. Dunia ni moja lakini kila mahali pana habari yake.) Jina lenyewe limetokana na mfalme mmoja wa kale wa Denmark, Harald, aliyepewa lakabu ya Jino la Buluu.

Ugumu ulikuwa huu. Lile eneo la megahezi 2,400 lina watu wengi. Wi-Fi iko humo. Simu zinazorushiana nyimbo ziko humo. Hata jiko la umeme la mawimbi liko humo. Wote wanapiga kelele pamoja. Utawezaje kumsikia mmoja?

Dawa yake ilikuwa kuruka. Fikiri nyumba ya wageni yenye vyumba 79. Pedi na mashine wamepatana kwa siri: tutakutana chumba cha 12, tusemezane neno moja, halafu wote tuhamie cha 55, halafu cha 3, halafu cha 70. Wanahama mara 1,600 kwa sekunde moja. Mtu mwingine akiwa na kelele chumba cha 55, wao wamepoteza neno moja tu, wanalirudia chumba kinachofuata. Na tangu mwaka 2003 wakaongezewa akili: chumba kikionekana kina kelele kila siku, wanaacha kabisa kukipitia.

Yule asiyejua utaratibu wa kuhama hawezi kufuatana nao. Ndiyo maana ndani ya kibanda kimoja pedi sita zinafanya kazi pamoja na hakuna inayomwendesha mchezaji wa mwenzake.

"PEDI YANGU IMEWASHA MASHINE YA JIRANI!"

Hii inatokea, na imeleta maneno mabaya kati ya majirani. Una kibanda, na mwenzako ana kibanda ukuta kwa ukuta. Jana alikuazima pedi, au wewe ulimwazima. Leo unabonyeza kile kitufe cha katikati, kwako kimya, na kule kwa jirani PS3 inajiwasha yenyewe usiku wamefunga. Uchawi? Hapana, bwana.

Pedi ya PS3 inatambulishwa kwa mashine kwa kuchomekwa waya wa USB mara ya kwanza. Hapo inapewa anwani ya mashine hiyo na kuiweka kichwani. Tangu hapo haimwiti mwingine, inamwita yule yule. Jirani alipoichomeka kwake ili ichaji, basi alikwisha kuioa. Ichomeke kwako kwa waya, bonyeza kitufe cha katikati, ngoja taa itulie kwenye namba moja, umeirudisha nyumbani. Ni sekunde chache, na urafiki wa miaka umepona.

NANI ALIYECHELEWESHA?

Hapa ndipo kwenye kilio cha vibandani. Mahali pengi utaratibu ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa. Kijana amefungwa bao la dakika ya mwisho, anatupa pedi, anasema, "Pedi imenichelewesha, silipi!" Mwenye kibanda anasema utalipa. Watu wanashikana mashati kwa hela ndogo kabisa.

Nani mkweli? Kusafiri hewani hakuchelewi, maana mawimbi yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, na mita tatu za kibanda ni kama hakuna. Kuchelewa kunatokea mahali pengine. Gemu yenyewe kwa kawaida inachora picha 30 au 60 kwa sekunde. Picha moja kati ya hizo 60 inachukua karibu milisekunde 17. Pedi nzima yenye chaji, isiyozibwa, huchukua chini ya hapo au karibu na hapo. Mtu haioni.

Mkosaji mara nyingi ni TV! TV ya chogo ile ya zamani ilikuwa inachora picha pale pale ilipoipokea. TV bapa inaichukua picha kwanza, inaipamba, inaisafisha rangi, ndipo inakuonyesha. Baadhi ya TV hizo hula milisekunde 50, na ziko zinazopita 100. Hapo wewe umebonyeza na golikipa amekwisha kuruka. Ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Wenye vibanda wengi hawajui kuwa kitu hicho kipo, na wanabadilisha pedi bure.

Ukitaka kuamua kesi kwa haki, fanya hivi. Wabadilishane pedi. Kama tatizo limehama na pedi, pedi ina kosa. Kama tatizo limebaki kwa wote wawili sawasawa, ni TV, na hapo mwenye kufungwa alipe, maana wote walikuwa na TV moja. Kama limemfuata mchezaji... basi mjue wenyewe.

Lipo jingine. Mwili wa binadamu ni maji mengi, na mawimbi ya megahezi 2,400 humezwa na maji. Kibanda kikijaa vijana ishirini wamesimama kati ya mchezaji na mashine, au mashine imefichwa ndani ya boksi la chuma kwa kuogopa wezi, pedi inaanza kukatika katika. Iweke mashine juu ya rafu, usawa wa kifua au zaidi, mbele pawe wazi. Boksi kama ni lazima, liwe la mbao au wavu.

Na mwenye PS4 ajue hili: ukichomeka waya, pedi inachaji tu, bado inasema kwa bluetooth. Mpaka uende kwenye mipangilio, upande wa vifaa, uchague itumie waya wa USB. Watu wamechomeka waya miaka wakidhani wamemaliza mambo.

BETRI, NA UDONGO WA KWETU

Pedi ya waya inakula umeme wa mashine. Isiyo na waya lazima ibebe chakula chake. Ndani yake mna betri ya lithiamu. Betri za aina hii ziliingizwa sokoni kwa mara ya kwanza na Sony wenyewe mwaka 1991. Ya PS4 ina ujazo wa 1,000, ya PS5 ina 1,560, kwa kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye betri ya simu. Pedi ya PS3 Sony waliitangaza kwamba inakwenda hadi saa 30. Ya PS4 ina taa na kibao cha kugusa, kwa hiyo wengi wanapata kati ya saa 4 na 8. Kwa kibanda kinachofunguliwa asubuhi hadi usiku, piga hesabu mwenyewe.

Pia pedi halisi ya PS3 ina ukaidi: ukiichomeka kwenye chaja ya simu ya ukutani, mara nyingi haichaji. Inataka kwanza kusemezana na mashine kupitia USB. Vijana wengi wamesema betri imekufa, kumbe betri ni nzima.

Je, betri hiyo imetengenezwa na nini? Fungua macho hapa, mtu wa Ngara. Betri ndogo za namna hii mara nyingi zina kobalti upande wake mmoja. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, na wamo watu wanaochimba kwa mikono, na watoto wameonekana humo. Na kwetu je? Pale Kabanga, wilaya ya Ngara, chini ya ardhi kuna nikeli, shaba na kobalti. Imetafutwa tangu miaka ya 1970. Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo serikali ina asilimia 16, na Oktoba mwaka huo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Mpango ni kusafishia madini hayo Kahama. Tena Kyerwa, humu humu Kagera, kunachimbwa bati, na bati ndiyo risasi ile fundi anayoyeyusha kuunganishia nyaya ndani ya pedi.

Kwa hiyo kile kidude ulichodhani kimetoka kuzimu, asili yake ni udongo kama huu unaolima migomba. Mimi naona kijana wa Ngara anayejua kufungua pedi na kubadilisha betri yake amekaribia zaidi kuelewa habari ya Kabanga kuliko mtu anayesikia tu kwamba madini yana utajiri.

KIJITI KINACHOKWENDA CHENYEWE

Ugonjwa mwingine mkubwa: mchezaji anatembea peke yake, hakuna aliyegusa. Tena watu wanasema pepo. Chini ya kile kijiti cha kidole gumba kuna vipande viwili vidogo, kimoja cha kulia na kushoto, kimoja cha mbele na nyuma. Ndani kuna njia nyembamba ya kaboni, na kidole cha chuma kinasugua juu yake. Kila ukisukuma, kaboni inalika. Ongeza vumbi letu jekundu la kiangazi, ambalo linaingia hata ndani ya saa. Kaboni ikishalika, pedi inasoma uongo, inadhani umesukuma.

Vumbi tu? Spiriti kidogo na mswaki laini vinaweza kusaidia kwa muda. Kaboni imelika? Hakuna dawa ila kubadilisha kipande chenyewe, na fundi wa redio anayejua kuyeyusha risasi vizuri anaweza. Siku hizi kuna vijiti vinavyotumia sumaku badala ya kaboni, havisuguani, na vinadumu zaidi. Si uvumbuzi wa jana: kanuni yake aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879, na Sega waliitumia kwenye pedi za Dreamcast mwaka 1998. Ukipata, nunua hiyo.

Jihadhari na pedi feki. Mnakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozima simu feki? Simu ina namba yake ya utambulisho, ndiyo maana ilipatikana ikafungwa. Pedi haina namba hiyo, kwa hiyo feki zimebaki sokoni zinatamba. Kabla hujatoa hela, ijaribu kwenye mashine pale pale dukani. Pedi halisi ya PS3 inahisi ikiinamishwa kulia na kushoto; feki nyingi hazihisi. Ishike: feki ni nyepesi, mara nyingi kwa sababu betri yake ni ndogo au mtetemo umeondolewa. Muuzaji akikataa usijaribu, mshukuru na uondoke.

SASA NINUNUE IPI?

Kwa mwenye kibanda, neno langu ni moja: nunua ya waya kama ipo, au ile isiyo na waya uitumie kwa waya. Haiibiwi kirahisi, haihitaji kungoja chaji umeme ukirudi, na haigombanishi watu. Umeme wetu umekuwa bora kuliko zama za jenereta za dizeli, na maporomoko ya Rusumo sasa yanatoa megawati 80 za kugawana na Rwanda na Burundi, lakini bado unakatika, na ukikatika betri iliyojaa haikusaidii kitu wakati TV imezima. Kwa nyumbani, pale mtoto anacheza saa moja jioni, isiyo na waya inafaa, hasa penye watoto wadogo wanaokimbia.

Na hiyo saa moja iwe saa moja kweli, baba. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuliweka tatizo la gemu katika orodha yake ya magonjwa, na orodha hiyo imetumika tangu Januari 2022. Hawasemi kila anayecheza ni mgonjwa. Wanasema aliyeshindwa kujizuia, anayeweka gemu mbele ya shule, chakula na usingizi, na anaendelea hata akiona inamharibia, kwa kawaida kwa miezi 12. Mtoto wa namna hiyo usimalizie hasira yako kwenye pedi. Kaa naye.

USIITUPE MOTONI

Nimefika kwenye lile nililoahidi. Kwenye mikutano watu huleta hirizi na vitu vyao vichomwe hadharani. Ikiwa umeamua kwa moyo wako kuachana na gemu, hiyo ni hiari yako. Lakini pedi isiyo na waya isiingie kwenye moto huo, wala jikoni, wala kwenye shimo la takataka linalowaka. Betri ya lithiamu ikipata joto kali inavimba, inapasuka, inatoa miali na moshi wenye sumu inayochoma macho na mapafu. Watoto ndio wanaosimama karibu na moto kuliko wote.

Betri iliyovimba isitobolewe na msumari ili "itoe hewa". Isichajiwe tena. Fungua skrubu za pedi taratibu, chomoa kile kiunganishi cha plastiki, usikate nyaya zote mbili pamoja kwa mkasi maana zitagusana. Funika ncha za nyaya kwa gundi ya karatasi au ya umeme. Iweke ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, mbali na nyasi za paa na mbali na jua, na umpelekee fundi wa simu anayekusanya betri mbovu. Pedi yenyewe, bila betri, bado ina vitufe, nyaya na vijiti ambavyo fundi atavihitaji kwa pedi ya mtu mwingine.